Uniti 75: Mwongozo kamili wa umeme wa nyumbani kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Nina kibanda cha uwakala Chikongola, mjini Mtwara. Natoa hela, nauza vocha, na sehemu kubwa ya siku nauza luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Swali ninaloulizwa kuliko yote si umeme utarudi saa ngapi. Ni hili: "Mimi na jirani tumenunua wa elfu kumi kumi. Yeye kapata uniti karibu sabini, mimi ishirini na tatu. Kulikoni?" Na anayeuliza mara nyingi ameshajijibu mwenyewe kwamba wakala kala hela yake.

Wakala hajala kitu. Wawili hao wako makundi tofauti ya bei, na mpaka mtu ajue yuko kundi gani, kuzima taa na kuchomoa chaja ni kujisumbua bure. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye risiti. Taa zitafuata baadaye.

Nani anauza, nani anapanga bei

Huku bara muuzaji wa umeme wa gridi ni mmoja, TANESCO. Huna pa kuhamia kama unavyohama mtandao wa simu. M-Pesa, Airtel Money, Halopesa, benki, sisi mawakala, menyu ya *152*00#, hizo zote ni milango ya duka moja, na bei ya uniti ni ile ile popote utakapopitia. Kinachoweza kutofautiana ni makato ya mtandao au ya benki yako.

Bei yenyewe TANESCO haijipangii. Inapitishwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na viwango ninavyovitumia humu ni vile vilivyoanza Aprili 2016, pamoja na VAT na tozo za mwaka 2024.

Wazee wa barazani wana swali lao: gesi inatoka Msimbati kwetu, nyingine Songo Songo kule Kilwa, iweje tulipe sawa na mtu wa Dodoma? Ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay, hiyo ya Msimbati, 1982. Ya kwanza ilianza kuendesha mitambo Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004. Ya pili ilikuwa ikiwasha mashine za hapa mjini miaka kadhaa kabla bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam halijakamilika 2015. Hata hivyo bei ya uniti haifuati kisima kilipo. Mteja wa Kitaya na mteja wa Kigoma, wakiwa kundi moja, wanalipa sawa. Hoja ya wazee mimi siioni nyepesi, ila haipunguzi hata shilingi kwenye mita, kwa hiyo twende kwenye yanayopunguza.

Soma risiti, usiangalie token peke yake

Watu wengi wakishapata zile tarakimu 20 wanafuta ujumbe. Usifute. Chukua mfano wa risiti ya mwaka 2024 ya mtu wa kundi la T1 (matumizi ya kawaida) aliyenunua wa 10,000, ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kununua mwezi huo.

Kwanza inatoka kodi ya jengo, 1,500. Zinabaki 8,500. Humo umeme wenyewe ni 6,967.21, VAT ya asilimia 18 ni 1,254.10, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3 ni 209.02, na EWURA asilimia 1 ni 69.67. Uniti anazopata ni 23.86.

Jirani yake wa kundi la D1 (matumizi madogo) akinunua wa 10,000 siku hiyo hiyo, kodi ya jengo ikakatwa vile vile, anapata uniti 69.67. Hapo ndipo ugomvi wa kibandani kwangu unapoanzia.

Kodi ya jengo ilianza kukusanywa kwa njia ya luku mwaka 2021. Ilikuwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Inakatwa mara moja kwa mwezi, unaponunua kwa mara ya kwanza. Usiponunua miezi mitatu haijasamehewa, inakusubiri. Ndiyo maana mtu aliyekwenda shamba Tandahimba msimu mzima wa korosho akirudi na kununua wa 5,000 anakuta kodi imekula karibu zote.

Kuna mambo mawili ambayo hayasemwi sana. Jengo likiwa na mita zaidi ya moja, kodi inatakiwa ikatwe kwenye mita moja tu. Ukiona inakatwa kwenye zote, andika namba za mita zote uzipeleke TANESCO au TRA. La pili, mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60 ana msamaha kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Msamaha huo haumfuati mtu nyumbani, lazima aende na kitambulisho akauombe.

Jua kundi lako

Huhitaji kwenda ofisini. Chukua risiti ya mara ya pili katika mwezi, ambayo haina kodi ya jengo, gawanya hela kwa uniti. Ukipata kama 122, uko D1. Ukipata kama 356, uko T1.

D1 ni ya nyumba zinazotumia umeme kidogo, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti ni shilingi 100, na ukiongeza VAT na tozo inafika 122. Ukivuka 75 ndani ya mwezi, kila uniti ya ziada ni 350, ambayo na makato inafika 427. T1 ni matumizi ya kawaida ya nyumba na biashara ndogo. Huko uniti ni 292, ukiongeza makato inafika 356.24, iwe ya kwanza au ya mia mbili.

Piga hesabu ya uniti 75 tu. D1 analipa 9,150. T1 analipa 26,718. Tofauti ni 17,568 kila mwezi, na kwa watu wengi wa mtaani kwangu hiyo inakaribia kodi ya chumba.

Kama nyumba yako inatumia kidogo na bado uko T1, nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya na namba ya mita, omba uangaliwe kama unastahili D1. Wataangalia manunuzi yako ya miezi iliyopita, kwa hiyo usiende mara tu baada ya mwezi wa harusi au msiba uliokula uniti 200. Tulia kwanza miezi kadhaa chini ya 75, ndipo uende. Na mita ya nyumba inayolisha saluni au friza la biashara usiiombee D1, maana itakurudisha ulikotoka.

Kwa aliye D1, kalenda ni pesa

Hii ndiyo sehemu ninayowarudia wateja mpaka wananizoea. Hesabu ya uniti 75 inaanza upya kila tarehe 1. Kwa hiyo mwenye D1 anunue wa 9,150 kwa mwezi, au wa 10,650 kama kodi ya jengo inakatwa kwenye mita yake, basi. Anaweza kuugawa mara mbili au tatu, hauharibiki kitu, mradi jumla isivuke hapo.

Bibi mmoja wa Magomeni alikuwa akija tarehe 28 au 29 kila mwezi, pensheni ya marehemu mumewe ikishaingia, ananunua wa 5,000 "wa mwezi ujao". Kwa kuwa alishamaliza 75 zake, zile 5,000 zilikuwa zinampa uniti 11 na kidogo. Nikamwambia, bibi, kaa nazo mpaka tarehe moja. Akaniangalia kama naficha kitu. Tarehe 1 akaja, tukakata kwanza 1,500 ya jengo kando, kisha 5,000 ile ile ikampa karibu uniti 41. Hakusema asante. Alisema, "Kumbe siku zote hizi ulikuwa unaniona tu."

Alikuwa na haki. Ndiyo sababu naandika.

Ukiishiwa tarehe 30, nunua kiasi cha kukufikisha usiku ule tu. Uniti 3 kwa bei ya juu ni 1,281. Hiyo haiumi. Kinachouma ni kujaza.

Aliye T1 hana haja ya ratiba hii, kwake uniti ni bei moja mwezi mzima. Yeye dawa yake iko kwenye matumizi.

Pima nyumba yako kwa siku moja

Uniti moja ni watt 1,000 kwa saa moja. Watt za kifaa zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma au chini yake. Zidisha watt kwa saa unazotumia, gawanya kwa 1,000, umemaliza.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya hapa. Balbu tano za LED za watt 9, saa tano: uniti 0.225. Televisheni ya watt 60, saa sita: 0.36. Feni ya watt 60 usiku kucha, saa tisa: 0.54. Friji ndogo iliyo nzima, kama 1.2 kwa siku. Pasi ya watt 1,000, nusu saa mara mbili kwa wiki, inakuja 0.14 ukiitawanya kwa siku. Simu za nyumba nzima, 0.03. Jumla karibu 2.5 kwa siku. Kwa siku 30, ni uniti 75.

Yaani nyumba hiyo iko ukingoni kabisa. Sasa ongeza birika la umeme la watt 2,000, dakika sita kila chemsho, chemsho tatu kwa siku. Ni uniti 0.6, kwa mwezi 18. Kwa mtu wa D1 hizo 18 zote ziko juu ya mstari, zinamgharimu 7,686. Chai imekaribia bei ya umeme wote uliobaki! Taa zote tano za nyumba hiyo, mwezi mzima, hazifiki uniti 7. Baba anayepita usiku akizima taa za varanda huku birika linachemka jikoni anapigana na sisimizi, tembo yuko shambani.

Kanuni ni fupi: kinachotoa joto au baridi ndicho kinachokula. Birika, pasi, jiko la sahani, hita ya kuogea, friza, kiyoyozi. Kiyoyozi kidogo cha chumba kinaweza kula uniti 4 hadi 6 kwa usiku mmoja wa joto la Desemba, na hapo sahau habari za D1.

Kupika kwa umeme nako si kitu kimoja. Jiko la sahani la watt 1,500 linapoteza joto jingi pembeni. Jiko la presha la umeme likishapanda presha linajizima na kujiwasha lenyewe, na maharage yanaiva kwa kama nusu uniti: shilingi 178 kwa T1, 61 kwa D1. Mkaa wa bei hiyo hauivishi maharage. Mbaazi na kunde ndiyo zaidi. Kwa chapati na kukaanga samaki, baki na gesi ya mtungi.

Friji ipewe jaribio lake. Chukua noti ya elfu, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka kama imepakwa mafuta, raba imechoka, na friji hiyo inapoza jikoni kwako zima. Jaribu pembe zote nne, mara nyingi inayoanza kufa ni ya chini upande wa bawaba. Huku kwetu kwenye unyevu wa bahari raba huota ukungu mweusi na kukakamaa. Maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza, kubadilisha baadaye. Kisha isogeze friji mbali na ukuta kiganja kimoja ipumue.

Baada ya hapo ifuate mita. Ina taa nyekundu inayokonyeza, na pembeni yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, maana yake ikikonyeza mara 1,000 umekula uniti moja. Usiku zima na chomoa kila kitu, friji pia, ukae uiangalie dakika kumi. Ikiendelea kukonyeza, kuna umeme unavuja mahali au kuna mtu kajiunga kwako. Zima swichi kuu. Ikinyamaza, tatizo liko ndani ya nyaya zako, ita fundi. Ikiendelea hata swichi kuu ikiwa chini, usiguse chochote, peleka taarifa TANESCO. Kama mita yako iko nguzoni na ndani una remote ya kuingizia token tu, andika uniti zilizobaki kabla ya kulala na ulinganishe alfajiri.

Wanaochangia mita moja

Nyumba za uani, Ligula kwetu au Mtanda kule Lindi, vyumba sita mita moja. Nilikaa moja kabla sijajenga. Kila chumba 5,000, na mwenzetu wa chumba cha mwisho alikuwa na friza la barafu. Tulikuwa tunagombana mpaka Ramadhani.

Kinachowaumiza si friza tu. Vyumba sita vikiunganishwa haviwezi kukaa chini ya uniti 75, kwa hiyo wote mnalipa bei ya T1, hata yule kijana mwenye balbu moja na simu. Suluhisho la kweli ni kila sehemu kuwa na nyaya zake na mita yake, na hilo ni la mwenye nyumba. Likishindikana, fungeni mita ndogo za kusomea kila chumba, kisha gawaneni kwa uniti zilizosomwa. Kugawana kwa idadi ya vichwa au vyumba ni kumlipia muuza barafu.

Mpangaji mpya, kabla hujatoa kodi ya miezi sita, mwombe mwenye nyumba anunue umeme kidogo mbele yako na uone risiti yote. Deni la zamani au malimbikizo ya kodi ya jengo yatajitokeza hapo hapo. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba kisheria. Ikikatwa kwenye hela yako tunza risiti, mkubaliane irudishwe kwenye pango, na muandikiane.

Kuunganishiwa umeme mpya

Huku hela huonekana korosho ikishauzwa, kuanzia Oktoba, na mafundi nao wanajua. Ukiweza funga nyaya Julai au Agosti, wakati fundi anakutafuta wewe.

Fundi awe na leseni ya EWURA, au fomu yako igongwe muhuri na mkandarasi mwenye leseni. Mwambie aweke waya wa ardhini na aupime, hasa kwenu mlio karibu na bahari, Shangani, Mikindani, Kilwa Masoko, ambako chumvi inakula soketi mpaka zinaota kijani. Nyumba ya chumba kimoja au viwili haihitaji nyaya ndefu. Uliza UMETA, kile kibao cha umeme tayari kinachokuja na swichi na soketi zake.

Maombi yanafanyika kwa mfumo wa NIKONEKT au ofisini. Tangu Januari 2022 kijijini ni 27,000, mjini bila nguzo ni 320,960. Nguzo ikihitajika mjini inapanda: moja 515,618, mbili 696,670. Ndiyo maana swali la kwanza kuuliza ni kama eneo lako limeandikwa mji au kijiji, kwa sababu kuna viunga vinavyoonekana shamba kabisa kumbe viko ndani ya manispaa.

Malipo yote yanapitia kumbukumbu namba. Anayekwambia "nipe hapa hapa nikuharakishie" ni kishoka, hata awe amevaa kofia ngumu na kubeba ngazi.

Mita ikikataa, umeme ukikatika

Token ikikataliwa, soma tarakimu nne nne na mwenzako akibonyeza. Nusu ya kesi zinazorudi kibandani kwangu zinaishia hapo. Nyingine ni mita ambazo hazikuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024: nyumba iliyokaa tupu, banda la shamba. Mita za namna hiyo zinapewa token tatu. Mbili za kwanza ni za kuiboresha mita, ya tatu ndiyo ya uniti, na lazima ziingie kwa mpangilio huo huo.

Umeme ukikatika, tazama kwa jirani kabla ya kupiga simu. Kwake ukiwaka, kagua uniti na swichi kuu yako. Kwake nako giza, piga 180, simu ni bure, na uwe na namba ya mita mkononi kwa sababu ndiyo watakayoanza nayo. Chomoa friji na televisheni mpaka umeme urudi na kutulia dakika chache. Vifaa vingi huungua unaporudi kuliko unapokatika. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, waya ukianguka barabarani weka watoto na mbuzi mbali, usiusogeze hata kwa mti mkavu.

Malalamiko ya bei, mita au makato yaanzie TANESCO kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Yasipopata jibu, hatua inayofuata ni EWURA, na huko watakudai ule muhuri. Ambatanisha risiti za miezi mitatu angalau. Kama ulifuta ujumbe, rudi kwa wakala uliyenunua kwake, wengi tunaweza kukutolea tena kwa namba ya mita.